Kuku Watagao na Baridi ya Juni Hadi Agosti

Kila mwaka, mvua ndefu zinapokwisha na ukungu unapoanza kushuka kutoka milima ya Nyandarua, wakulima wa Kinangop, Ol Kalou na sehemu nyingine za nchi ya juu huona jambo moja: kikapu cha mayai hupungua uzito. Kuku waliokuwa wakitaga vizuri mwezi wa Aprili hutaga kidogo mwezi wa Julai, na wengine huacha kabisa. Mkulima husema, "Ni baridi tu," kisha hungoja Septemba. Kungoja hivyo ni kujipunja, kwa maana baridi peke yake si sababu ya kutosha. Kuku aliyetunzwa sawasawa hutaga hata Julai.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Tuseme mama mmoja ana kuku kumi nyuma ya jiko lake. Wakitunzwa vema hupata mayai saba kwa siku. Wakiachwa hivi hivi hupata matatu. Katika siku 90 za baridi, kuku wa kwanza watampa mayai 630, na wa pili 270. Tofauti ni mayai 360, yaani trei kumi na mbili za mayai thelathini thelathini. Zidisha kumi na mbili kwa bei ya trei katika soko lako, ndipo utakapojua ni fedha ngapi za shule, za sukari na za mafuta zinazopotea katika kibanda kimoja kidogo. Tena, kuku asiyetaga haachi kula. Unamlisha bure.

Nchi yetu ya juu

Tangu mpango wa kugawa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, skimu nyingi za makazi zimekuwa katika nchi ya juu. Kinangop iko zaidi ya meta 2,400 juu ya usawa wa bahari. Huko, usiku mweupe wa Julai usio na mawingu, umande huweza kuganda ukawa jalidi juu ya majani ya viazi. Kwa hiyo mkulima wa huko hawezi kufuga kuku kama ndugu yake wa Kisumu au Malindi. Lakini pia hana haja ya kuogopa.

Mwili wa kuku una joto la digrii 41 hivi, kupita joto la mwanadamu. Manyoya yake ndiyo blanketi yake. Katikati ya manyoya hukaa hewa, na hewa hiyo hulinda joto lisitoke. Kuku mzima, mwenye manyoya makavu na tumbo lililoshiba, hafi kwa baridi ya Kinangop. Maadui wake ni watatu: maji, upepo na njaa. Manyoya yakilowa, blanketi imeharibika. Upepo ukipenya, hewa yenye joto hufukuzwa. Tumbo likiwa tupu, hakuna kuni za kuwasha moto ndani ya mwili. Hapo kuku hutumia kila chembe ya chakula kujitia joto, na hakuna kinachobaki cha kutengeneza yai. Kila shauri litakalofuata hapa ni la kupigana na mmoja wa maadui hao watatu.

Nyumba

Nyumba ya kuku kumi haihitaji kuwa kubwa. Futi sita kwa futi sita yatosha. Kila kuku atapata zaidi ya futi tatu za mraba. Iweke mahali palipoinuka kidogo, maji ya mvua yasije yakaingia, na uchimbe mtaro mdogo kuizunguka.

Angalia upepo mkali wa shamba lako hutoka upande gani. Upande huo, na pande mbili za kando, zizibwe kabisa kwa mbao, mabanzi au udongo. Upande wa nne, ule usiopigwa na upepo, uzibwe futi tatu za chini tu, na juu yake uweke wavu wa waya. Shona pazia la magunia la kufunika wavu huo usiku. Pazia lipandishwe kutoka chini kwenda juu, na nafasi ya shubiri moja ibaki wazi karibu na paa.

Hapa ndipo wakulima wengi wanapokosea. Wakiona baridi, huziba kila tundu kwa matambara na karatasi za nailoni, wakidhani wanawafanyia kuku hisani. Lakini kuku hutoa maji mengi kwa pumzi yake, na mavi yake pia ni maji kwa sehemu kubwa. Nyumba ikizibwa, maji hayo hayana njia ya kutoka. Sakafu hulowa, mavi huoza, na hewa kali ya mavi huwachoma kuku macho na mapafu. Ndipo mafua huingia. Kumbuka neno hili: zuia upepo usimpige kuku, lakini usizuie hewa isipite juu ya kichwa chake.

Jaribio lake ni rahisi. Asubuhi na mapema, kabla hujafungua pazia, ingia ndani na uiname mpaka kichwa chako kiwe sawa na cha kuku. Macho yakikuwasha au pua ikichomwa, nyumba yako imezibwa mno.

Paa la mabati nalo lina ubaya wake. Usiku wa baridi hutoka jasho kwa ndani, na matone huwaangukia kuku migongoni. Tandika magunia, makuti ya nyasi au mbao nyembamba chini ya mabati ili kuyazuia matone hayo.

Usiweke jiko la makaa katika nyumba ya kuku wakubwa. Moshi wa makaa usioonekana huua kuku usiku mmoja, na huua watu vilevile. Tena cheche moja juu ya maranda makavu yatosha kuteketeza kibanda na jiko la nyumbani. Kuku wakubwa hawahitaji moto.

Mahali pa kulala na matandiko

Kuku hapendi kulala chini. Mtengenezee ulalo wa mti ulio futi mbili hadi tatu kutoka sakafuni. Kila kuku apewe inchi nane za kukalia. Usitumie fito nyembamba ya mviringo. Tumia ubao wa upana wa inchi mbili, uliolainishwa pembe zake. Kuku akikaa juu ya ubao huo, hufunika vidole vyake vyote kwa manyoya ya tumbo, na miguu haipati baridi.

Sakafuni tandika maranda ya seremala, au majani makavu ya ngano yaliyokatwakatwa, unene wa inchi nne hadi sita. Geuza matandiko hayo kwa uma au reki mara mbili au tatu kwa juma. Yakiwa makavu na yakigeuzwa, mavi huchanganyika nayo na kuoza polepole, na huko kuoza hutoa joto kidogo kutoka chini. Chota konzi moja uifinye mkononi. Ikiachana ukifungua vidole, matandiko ni mazuri. Ikishikamana kama tonge la ugali, yamelowa; toa sehemu hiyo na uweke makavu. Matandiko ya zamani ni mbolea nzuri sana kwa kabichi na viazi, kwa hiyo hakuna kitakachopotea.

Katika miezi hii kuku hukosa vumbi kavu la kujiogea, kwa sababu udongo wa nje umelowa. Waletee ndani. Sanduku moja lililojaa majivu ya kuni yaliyochanganywa na udongo mkavu litawasaidia kufukuza chawa. Majivu yawe yamepoa kabisa.

Chakula

Kuku mzito anayetaga hula gramu 120 hivi za chakula kila siku. Kuku kumi hula karibu kilo moja na robo, na gunia la kilo 70 huwatosha siku 56 hivi. Wakati wa baridi watataka zaidi, pengine sehemu moja ya kumi zaidi, na gunia litakwisha kwa siku 50 hivi. Jitayarishe mapema kwa jambo hilo.

Wako wakulima wanaofanya kinyume. Mayai yakipungua, hupunguza chakula, wakisema, "Kwa nini niwalishe wavivu?" Kesho yake mayai hupungua zaidi, na chakula hupunguzwa tena. Huko ni kuzima moto kisha kulalamika kwamba chungu hakichemki.

Chakula cha msingi kiwe cha kuku watagao, kile kinachouzwa dukani kwa kazi hiyo, chenye protini ya 16 hadi 18 kwa mia. Mahindi matupu hayatoshi. Mahindi huleta joto na mafuta, lakini protini yake ni ndogo, na yai halitengenezwi bila protini. Hata hivyo mahindi yana kazi yake. Saa kumi na moja jioni, kabla kuku hawajapanda kulala, warushie mahindi yaliyovunjwa au ngano, konzi ndogo kwa kila kuku wawili. Nafaka hiyo hukaa katika gole usiku na kusagwa polepole, na kuku hulala akiwa na kuni zake tumboni.

Majani mabichi yasikose. Funga sukuma wiki au majani ya kabichi kwa kamba na kuyatundika mahali ambapo kuku watanyosha shingo kidogo. Watapata chakula, na watapata kazi ya kufanya siku za ukungu badala ya kudonoana manyoya.

Wakulima wa viazi na waangalie. Viazi vidogo visivyouzika vyafaa kwa kuku, lakini lazima vichemshwe kwanza, na maji yake yamwagwe. Viazi vilivyogeuka rangi ya kijani na machipukizi yake vina sumu, usiwape kabisa.

Maganda ya mayai nayo hutaka chokaa. Sehemu kubwa ya ganda hutengenezwa usiku, kuku akiwa amelala. Kwa hiyo weka mkebe wa makombe ya baharini yaliyosagwa au chokaa ya mifugo, hasa jioni, wajilie wenyewe kadiri wapendavyo. Ukitumia maganda ya mayai ya nyumbani, yakaushe motoni na uyasage mpaka yasitambulikane, wasije wakajifunza kula mayai.

Mwisho, linda chakula dhidi ya ukungu. Miezi ya baridi ni miezi ya unyevu. Gunia lililowekwa chini sakafuni, au lililoegemezwa ukutani, huvuta maji. Liweke juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta. Chakula chenye ukungu au harufu ya kuoza huweza kuwa na sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo huharibu maini ya kuku, nayo haitoki kwa kuchemsha wala kwa kuanika juani. Usiseme, "Hayafai kwa watu, basi tuwape kuku."

Maji

Karibu robo tatu ya vitu vilivyo ndani ya yai ni maji. Kuku asiyekunywa hatagi. Kuku kumi huhitaji lita mbili na nusu hivi kila siku, na zaidi jua likiwaka. Asubuhi ya Julai maji yaliyolala nje huwa baridi mno, na kuku hunywa kidogo tu. Yamwage, osha chombo, na uwape maji mapya yaliyotiwa uvuguvugu kwa birika moja kutoka jikoni. Kazi hiyo haichukui dakika tano. Chombo kikae juu ya matofali mawili, ili kisijae maranda na kisimwagike juu ya matandiko.

Mwangaza

Vitabu vingine vya ufugaji vilivyoandikwa Ulaya husema kwamba kuku huacha kutaga wakati wa baridi kwa sababu mchana ni mfupi. Huko ni kweli. Hapa kwetu, karibu na Ikweta, mchana ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, Julai kama Januari. Kwa hiyo mchana wetu haupungui. Sisi wenyewe ndio tunaoupunguza. Mkulima anayewafungulia kuku saa tatu asubuhi kwa sababu ya ukungu, katika kibanda chenye giza, amewaibia karibu saa tatu za mwangaza. Teremsha pazia saa kumi na mbili na nusu. Ukungu ukiwa mzito, wape chakula ndani, lakini nuru iingie.

Mwenye umeme au taa ya jua anaweza kuongeza saa mbili za mwangaza alfajiri. Kuku hutaga vizuri zaidi wakipata saa 14 au zaidi. Lakini ukianza, endelea kila siku kwa saa ile ile. Ukiwasha leo na kusahau kesho, utawachanganya kuku, na wengine wataanza kunyonyoka manyoya.

Kuchagua kuku kabla ya baridi

Kuku akifika umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, hunyonyoka manyoya na kuota mapya. Katika siku hizo, ambazo ni miezi miwili au zaidi, hatagi, na asiye na manyoya huumizwa sana na baridi. Basi mwezi wa Mei wakague wote, mmoja mmoja. Anayetaga ana upanga mwekundu na laini, na mifupa miwili ya nyonga iliyo karibu na tupu yake imeachana kwa vidole viwili au vitatu. Asiyetaga ana upanga uliokauka, na mifupa hiyo imekaribiana. Mzee asiyetaga auzwe au aliwe kabla hajamaliza gunia la Juni.

Nafasi yake ichukuliwe na mitetea. Mitetea wa mayai wa kisasa huanza kutaga wakiwa na majuma 18 hadi 20. Wa kienyeji, hata wale walioboreshwa na kituo cha utafiti cha KALRO huko Naivasha, huchelewa kidogo. Kwa hiyo vifaranga wa mwezi wa Desemba au Januari ndio watakaotaga wakati wa baridi. Usinunue vifaranga Julai ila uwe na mahali pazuri pa kuwatia joto. Katika juma la kwanza kifaranga hutaka joto la digrii 32 hadi 35, na hawezi kujitia joto mwenyewe kama mamaye.

Magonjwa

Kideri ndicho mwuaji mkubwa. Ukiona kuku wanahema kwa shida, wanahara kijani, wanapinda shingo, na wengi wanakufa kwa siku chache, jua ni hicho. Hakina dawa. Kinga yake ni chanjo, ambayo hutiwa tone jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Wachanjwe mwezi wa Mei, wakiwa wazima, kabla baridi haijawadhoofisha. Chupa moja ya chanjo hutosha kuku mia au zaidi, na ikishafunguliwa na kuchanganywa haiwekwi mpaka kesho. Basi majirani washirikiane. Kaya kumi zenye kuku kumi kumi zikikutana siku moja kwa Ofisa wa Mifugo, chupa moja itawatosha wote na gharama ya kila mmoja itakuwa ndogo. Tena kuku wa jirani asiyechanjwa ni hatari kwa wako.

Mafua huonekana kwa uso uliovimba, machozi, na makamasi yenye harufu mbaya. Mtenge mgonjwa, angalia hewa ya nyumba, na umwite Ofisa wa Mifugo. Kuhara damu huwapata zaidi kuku wachanga waliolala juu ya matandiko yaliyolowa. Utitiri mwekundu hujificha mchana katika nyufa za ulalo, na usiku hutoka kunyonya damu. Pitisha kitambaa cheupe chini ya ulalo wakati wa usiku. Kikitoka na madoa ya damu, wamo. Osha ulalo kwa maji ya moto, na uulize dawa dukani kwa mtu anayejua.

Kuku mgeni akae peke yake majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wenzake. Kuku aliyekufa kwa ugonjwa asiuzwe, asiliwe, wala asitupwe kwa mbwa. Achomwe au azikwe kwa kina.

Mayai yenyewe

Weka viota vikavu, kimoja kwa kila kuku wanne au watano, na uokote mayai mara mbili kwa siku. Mimina kokoto mlangoni, ili kuku wapanguse matope kabla ya kuingia. Yai lililochafuka kidogo lifutwe kwa kitambaa kikavu. Usilioshe kwa maji baridi, maana yai likipoa ghafla hufyonza maji na vijidudu kupitia vitundu vya ganda, na likifika sokoni limekwisha anza kuharibika.

Kazi za mwezi wa Mei ni hizi, kwa ufupi: tengeneza ukuta wa upande wa upepo, shona pazia, badili matandiko, chanja kuku, uza wasiotaga, na nunua gunia moja la chakula mapema. Baada ya hapo kazi ya kila siku ni ndogo: maji ya uvuguvugu asubuhi, pazia kuteremshwa mapema, nafaka jioni. Watoto waweza kuifanya kabla ya kwenda shule, na tena wakirudi.

Chukua daftari la kurasa chache ulitundike mlangoni mwa nyumba ya kuku. Andika kila siku mayai mangapi, na chakula kiasi gani. Mayai yakianza kupungua utajua siku ile ile, si baada ya mwezi mzima, na utatafuta ni yupi kati ya wale maadui watatu aliyeingia. Mwisho wa Agosti, jumlisha. Hesabu hiyo ndiyo itakayokushauri juu ya kuku wa mwaka ujao. Shime, wakulima, Mei haiko mbali.